Hua ni mdogo, je, bunduki nayo iwe ndogo? Jibu kwa dada wa Fort Worth

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Fort Worth, Texas, kwetu ni Moshi. Wenzangu wa kazini wamenialika shambani karibu na Coleman tarehe 1 Septemba kuwinda hua. Sijawahi kushika bunduki maishani. Mume wangu anasema nichukue ya .410 kwa kuwa ni nyepesi na hua mwenyewe ni kadogo. Mzee mmoja wa kazini anasema bila geji 12 na risasi za inchi 3 nitarudi mikono mitupu. Dukani nimeonyeshwa maboksi yamejaa namba mpaka nikatoka bila kununua kitu. Nina futi 5 na inchi 2, kilo 58. Ninunue nini?"

Marahaba, dada. Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Mtu anayetoka zamu ya usiku hana haja ya kuzungushwa.

Chukua geji 20. Iwe ya kujipakia yenyewe, ya aina inayotumia gesi ya baruti, yenye kitako kifupi. Risasi ziwe za inchi 2¾, zenye aunsi 7/8 ya marisau (zile punje ndogo za ndani) namba 7½ au 8, mwendo wa futi 1,200 hivi kwa sekunde. Kwenye mdomo wa mtutu funga choki, kile kipande cha kuubana mdomo, iliyoandikwa IC. Basi. Ukiishia kusoma hapa utakuwa umeshalipata la msingi, na fedha itakayobaki kalipie mazoezi.

Mumeo kakosea, na mzee wa kazini naye kakosea, kila mmoja kwa upande wake. Na makosa yao nayafahamu vizuri kwa sababu yote mawili nimeyafanya mimi mwenyewe.

Kwanza hizi geji ni kitu gani, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Ni hesabu ya zamani. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawanye iwe magololi 12 yaliyo sawa. Gololi moja likiingia sawasawa kwenye mtutu, mtutu huo ni geji 12. Ukigawanya ratili hiyo hiyo kwa 20, magololi yanakuwa madogo zaidi na mtutu unakuwa mwembamba zaidi. Ndiyo maana namba ikipanda bunduki inashuka. Geji 12 ina upana wa milimita 18.5 hivi, geji 20 ina 15.6, geji 28 ina 14. Ile .410 haimo katika hesabu hii. Hiyo ni sehemu ya inchi, upana wa mtutu wenyewe, kama milimita 10.4. Ingepimwa kwa geji ingekuwa ya 67 hivi. Ni kamtutu kembamba kwelikweli.

Sasa hoja ya mumeo: ndege mdogo, bunduki ndogo. Inaingia akilini, na ndivyo ilivyoniingia mimi mwaka wangu wa kwanza hapa. Lakini fikiria wavuvi. Anayekwenda kuvua dagaa hapunguzi ukubwa wa wavu, anapunguza matundu yake. Hua wa huku, yule ambaye Wamarekani wanamwita mwombolezaji kwa ajili ya sauti yake, ana gramu 120 hivi, na ukimnyonyoa manyoya anabaki kama ngumi ya mtoto. Kumuua si kazi, punje tatu nne zikimpata anaanguka. Kazi ni kumpata. Anapita kwa maili 40 kwa saa na zaidi, anapinda, anainama, anabadili nia katikati ya anga. Unachohitaji ni wavu mpana wenye matundu madogo, yaani marisau mengi, yaliyotawanyika vizuri, bila mapengo ya ndege kupenya.

Tuhesabu. Aunsi moja ya marisau namba 8 ina punje 410 hivi. Risasi ya .410 ya inchi 2½ hubeba nusu aunsi: punje 205. Ya geji 20 niliyokutajia hubeba aunsi 7/8: punje kama 359. Choki ya IC huweka karibu nusu ya punje ndani ya duara la inchi 30 kwa umbali wa yadi 40. Kwa hiyo geji 20 inaweka punje kama 180 ndani ya duara hilo, .410 inaweka mia na ushei. Duara lile lina inchi za mraba 707. Kwa geji 20 kila punje inalinda kiraka cha inchi 2 kwa 2, kwa .410 kiraka kinakuwa karibu maradufu. Hua anapita katikati ya viraka hivyo salama salimini, au, kibaya zaidi, anapata punje moja ya bawa na kwenda kufia vichakani.

Wenye .410 wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wao hufunga choki ya kubana sana ili punje zisitawanyike. Mapengo yanapungua, ndiyo, lakini wavu nao unakuwa mwembamba kama kitambaa cha mkononi. Ipo ya inchi 3 inayobeba marisau zaidi, nayo inasaidia kidogo. Bado .410 ni bunduki ya fundi aliyechoka kushinda kirahisi. Kumpa mtu ambaye hajawahi kulenga kitu ni kumfundisha kukata tamaa. Tena risasi zake kwa kawaida ni ghali kuliko za geji 12 na 20. Watoto wengi wa Texas hupewa .410 kama bunduki ya kwanza kwa sababu ile ile ya mumeo, wakakosa siku nzima, wakarudi kwenye simu zao.

Nije kwa mzee wa kazini. Geji 12 si bunduki mbaya kwa hua; ndiyo iliyozoeleka zaidi, risasi zake ziko kila duka, na kwa boksi la hua mara nyingi ndizo nafuu. Kama ungekuta geji 12 nzito kiasi, inayojipakia yenyewe, inayokukaa begani, ukaipa risasi nyepesi za aunsi 1, nisingekuzuia. Kosa lake ni hizo za inchi 3.

Mara ya kwanza nilipokwenda shambani, nje kidogo ya Abilene, nilienda na geji 12 ya pampu, nyepesi, na maboksi manne ya inchi 3. Muuzaji aliniambia hizo ndizo "zinazofika". Zilifika, hasa begani kwangu. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa nafumba macho kabla ya mlio. Nilipiga risasi 80 na kitu, nikaokota hua watatu, na jioni bega lilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Mke wangu akauliza kama nimepigana na mtu.

Kinachochekesha ni hesabu yake. Zile za inchi 3 zilikuwa na aunsi 1⅝ ya marisau namba 6. Namba 6 ni kubwa, aunsi moja ina punje 225 tu. Kwa hiyo kila nilipopigwa teke nilikuwa nikirusha punje kama 366. Rudi juu uangalie geji 20 yako nyepesi: 359. Nilikuwa nalipa maumivu zaidi ya maradufu kwa punje saba za ziada.

Geji 28 ni nzuri mno, aunsi ¾, teke dogo, na marisau yake hutua kwa mpangilio unaopendeza. Ningekuwa tajiri ningekuambia uichukue. Risasi zake ni ghali na duka la mji mdogo huenda lisiwe nazo. Geji 16 iache kwa wanaorithi.

Kwa nini ya kujipakia na ya gesi? Sehemu ya nguvu ya mlipuko inatumika kusukuma mitambo, na lile teke linageuka kuwa msukumo wa polepole. Mtu wa kilo 58 atauona utofauti kwenye boksi la kwanza. Pampu ni rahisi kwa bei na ni ngumu kuharibika, lakini inakutaka uvute na kusukuma kila baada ya risasi huku ukimfuata ndege, na mgeni husahau. Ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, ni nzuri na salama kwa macho, kwa kuwa ukiikunja kila mtu anaona kama ina risasi au haina. Bei tu ndiyo inayokimbiza.

Kitako kina umuhimu kuliko geji, na laiti wauzaji wangelisema hili kwanza. Bunduki nyingi zimetengenezwa kwa mwanamume wa futi 5 na inchi 10. Ukiinyanyua wewe, kitako kitakwama kwenye nguo ya kwapani, utaishia kukiweka juu ya mkono badala ya begani, na hapo hata geji 20 itakuumiza. Uliza ile ya vijana au yenye kitako kinachorefushwa kwa vipande. Jipime hivi dukani: muuzaji akuhakikishie haina risasi, nawe uangalie mwenyewe, kisha elekeza mdomo pasipo na mtu, fumba macho, inyanyue mpaka shavu likae juu ya kitako, fumbua. Jicho lako likiwa limetua moja kwa moja juu ya mtutu, ukaona kile kidude cha mbele bila kukitafuta, imekufaa. Ukiona ubavu wa mtutu au mgongo wa chuma, rudisha, jaribu nyingine. Shotgani hailengwi kama bastola, huelekezwa. Jicho ndilo kilengeo cha nyuma.

Na kabla ya hilo, jua jicho lako linalotawala. Nyoosha kidole kuelekea kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha fumba jicho moja moja. Lile ambalo ukilibakiza wazi kidole hakihami, ndilo. Likiwa la kushoto na wewe unatumia mkono wa kulia, mwambie mwalimu wa uwanja wa shabaha mapema, kuna njia za kulishughulikia.

Sasa yale maboksi yenye namba. Chukua boksi la njano mkononi, usome hivi. "20" ni geji. "2¾" ni urefu wa risasi kwa inchi baada ya kufyatuliwa. Usizidishe urefu ulioandikwa ubavuni mwa mtutu wako. Mtutu wa inchi 3 unakula 2¾ bila shida, wa 2¾ haupewi ya inchi 3 hata kama inaingia. "7/8" ni uzito wa marisau kwa aunsi, gramu 25 hivi. "1200" ni mwendo kwenye mdomo wa mtutu. Namba ya mwisho, "7½" au "8", ni ukubwa wa punje.

Hiyo nayo inakwenda kinyume, namba ikipanda punje inapungua. Wamarekani wana kanuni nzuri: toa namba kutoka 17, unachobakiwa nacho ni upana wa punje kwa mia ya inchi. Namba 8: 17 toa 8 ni 9, kwa hiyo inchi 0.09. Namba 7½ ni inchi 0.095. Utaona tofauti yao ni ndogo kiasi kwamba mabishano ya 7½ na 8 ni ya kupitishia muda karibu na moto. Mimi hutumia 8 mwanzoni mwa Septemba ndege wakiwa karibu na wengi wao wachanga, nikahamia 7½ baadaye wakishakuwa waoga na kuruka juu. Namba 9 ni nyepesi mno, ikishavuka yadi 25 hivi inachoka. Namba 6 umeshaona hesabu yake. (Wasomaji wa nyumbani: mkikuta boksi lenye namba za Uingereza, hazilingani na hizi. 7 ya kule ni karibu sawa na 7½ ya huku.)

Mwendo nao umefanywa dini. Utaona maboksi ya 1,300, hata 1,400, yamechorwa radi. Hua wa maili 40 kwa saa hukata futi 59 kila sekunde. Marisau ya 1,200 hutumia karibu sehemu ya kumi ya sekunde kufika yadi 30, kwa hiyo ndege anayekupita kwa ubavu anakuwa amesogea futi 6 tangu mlio. Ukipandisha mwendo hadi 1,300 unaokoa pengine inchi 4. Inchi 4 kati ya futi 6! Mtu anayekosa kwa futi 3 nyuma ya mkia haokolewi na inchi 4. Na wengi wetu ndipo tunapokosea, nyuma.

Choki ni ule mbano wa mwisho wa mtutu, kipande cha chuma kinachofungwa na kufunguliwa. IC hubana kidogo, M kiasi, F sana. Kwa yadi 40, ndani ya duara lile la inchi 30, zinatia karibu asilimia 50, 60 na 70 ya punje. Watu husoma asilimia 70 wakadhani ndiyo bora. Lakini hua wako wengi utawapiga kwa yadi 20 hadi 30, na huko F bado haijafunguka. Ni kama kurusha wavu uliofungwa fundo. Ukimpata unamsaga, mara nyingi humpati. IC. Wakianza kupita juu sana, weka M. F iache kwenye mfuko wake.

Nije kwenye jambo ambalo wewe kama muuguzi utalielewa kuliko mimi. Kiswahili chetu kimeita kitu kizima kwa jina la madini yake, risasi, hata tukisema "risasi za chuma" inasikika kama maji makavu. Lakini zipo, na huku unatakiwa ujue tofauti. Kwa bata na mabata bukini marisau ya madini ya risasi yamepigwa marufuku Marekani nzima tangu 1991, kwa sababu ndege walikuwa wakiyaokota majini wakidhani ni changarawe na kufa kwa sumu. California imeyakataza kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Kwa hua wa Texas kwenye shamba la mtu binafsi bado yanaruhusiwa. Baadhi ya maeneo ya umma yanadai yasiyo na sumu, kwa hiyo soma kanuni za eneo kabla ya kwenda.

Ukiamua kutumia ya chuma, kumbuka chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo ongeza ukubwa wa punje: badala ya 7½ au 8, chukua 6 au 7 ya chuma. Kwa kuwa punje za chuma ni nyepesi, aunsi ina nyingi zaidi kuliko ya punje za risasi za ukubwa ule ule, kwa hiyo hupotezi wingi sana. Choki usivuke M. Bunduki ya kisasa inazimudu; ya babu wa mtu, iliyotengenezwa enzi za zamani, usiipe kabla fundi hajaiona.

Wazee wa huku watakuambia chuma kinajeruhi tu, hakiui. Idara ya Mbuga na Wanyamapori ya Texas iliamua kulipima jambo hili mwaka 2008 na 2009, kwa bahati nzuri huko huko upande wa Coleman na Brownwood unakokwenda. Wawindaji walipewa risasi za geji 12 za aina tatu, moja ya madini ya risasi namba 7½ na mbili za chuma, namba 6 na namba 7, bila kujua wanapiga nini. Zilipigwa risasi zaidi ya 5,000, wakaokotwa hua zaidi ya 1,000. Matokeo hayakutofautiana, na wapigaji wenyewe hawakuweza kubahatisha walichokuwa wamepewa. Kilichonivutia zaidi ni kingine: kwa kila aina, asilimia 60 hadi 65 hivi ya risasi zilikosa kabisa. Kwa hiyo ukitoka na hua watano kwa boksi la risasi 25 siku yako ya kwanza, usiombe radhi kwa mtu.

Hapa naomba ukae chini usome taratibu. Utakuwa na geji 20 kati ya watu wenye geji 12. Risasi ya geji 20 ikidondokea kwenye bunduki ya geji 12, haikai mlangoni wala haitoki upande wa pili: inateleza ndani ya mtutu na kukwama mbele kidogo ya chumba cha risasi. Mwenye bunduki anabonyeza, haisikii, anadhani hakupakia, anatia ya geji 12 nyuma yake. Ile ya nyuma ikilipuka, mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto uliposhika. Ndiyo sababu risasi za geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano, na hakuna nyingine inayopaswa kuwa njano. Usimkopeshe mtu risasi. Usizitie zako kwenye mfuko, ndoo au kiti ambamo za geji 12 zimewahi kukaa. Ukivaa koti la kuazima, geuza mifuko nje kwanza. Na mtu yeyote shambani akisema "haijalia", afungue bunduki na kuchungulia mtutu kabla ya kutia nyingine.

Sheria, kwa ufupi, kwani hukuuliza lakini utaulizwa na askari wa wanyamapori. Hua ni ndege wahamaji, wako chini ya sheria ya shirikisho ya 1918, iliyotokana na mkataba wa 1916. Bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu kwa jumla, moja chumbani na mbili kwenye bomba la akiba chini ya mtutu; nyingi huja na kijiti cha kuziba bomba, hakikisha kipo ndani yake na hakijabaki kwenye boksi nyumbani. Muda ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi linapozama. Kwa siku ni hua 15 kwa mtu, wa mabawa meupe wakiwemo humo humo. Yule mkubwa mwenye utepe mweusi shingoni, aliyekuja kutoka ng'ambo, Texas haimhesabu, ila mgeni asimtegemee mpaka amtambue vizuri. Utahitaji leseni ya uwindaji, kibali cha ndege wahamaji, na maswali machache unayojibu wakati wa kununua yaitwayo HIP. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye anatakiwa awe na mafunzo ya wawindaji. Mtu mzima anaweza kuyafanya kwa intaneti. Nafaka ikimwagwa ili kuwavuta hua, eneo hilo ni haramu hata kama si wewe uliyemwaga. Alizeti iliyolimwa na kuvunwa kwa kawaida haina tatizo. Kanuni hutolewa upya kila mwaka, zisome za mwaka huu.

Na hukuniambia una karatasi gani. Ukiwa raia au una green card, kwa upande huo huna shida. Mwenye visa ya muda, kama ya mwanafunzi, sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki, hata risasi moja mfukoni, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji au yuko ndani ya misamaha mingine michache. Asiye na hadhi halali hana msamaha huo, na "nilimshikia rafiki tu" haisaidii. Kama kuna utata wowote kwenye karatasi zako au za mumeo, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa chochote. Hua si wa kupotezea makazi.

Kuhusu mazoezi: nenda uwanja wa sahani za udongo zinazorushwa hewani angalau mara tatu kabla ya Septemba, boksi mbili kila mara, na saa moja ya mwalimu katika siku ya kwanza. Mwambie unataka sahani zinazokatiza, si zinazokimbia mbele yako. Anza na mtutu nyuma ya sahani, ipite, na unapoona mwanga kati yake na mtutu bonyeza, huku mikono ikiendelea kwenda. Ukisimamisha mikono ili uhakikishe, umeshakosa. Halafu siku moja tundika karatasi kubwa ya futi 4, simama yadi 30, piga risasi moja katikati. Hesabu matundu na tafuta mapengo. Bunduki mbili za geji moja zinaweza kuipenda risasi tofauti. Karatasi ndiyo itakayokuambia yako inapenda ipi, na inamaliza ubishi wote wa dukani.

Shambani utakaa kando ya alizeti au bwawa la mifugo, jua la huko linafika sentigredi 38, beba maji kuliko unavyodhani. Miwani ya kinga na vizuia sauti ni lazima. Tazama ulipokanyaga, nyoka wa njuga nao wanapenda kivuli. Sharti langu moja kubwa: usifyatue mpaka umeona anga chini ya ndege. Hua anayepita usawa wa vichwa ni wa kuachwa, hata kama kila mtu anapiga kelele ni wako, maana upande wa pili wa alizeti kuna mtu amekaa kwenye ndoo kama wewe. Akianguka ndege, usipige mwingine. Mkazie macho alipoangukia, nenda moja kwa moja. Rangi yake na ya udongo wa Septemba ni moja, ukigeuza shingo tu amepotea.

Nyumbani, kabla ya kumtia kwenye nazi, pitisha kidole juu ya kifua chake. Punje ikiingia huburuta unyoya ndani ya nyama, kwa hiyo popote unapoona kinyoya kimezama kama mwiba, kivute polepole. Mara nyingi marisau hutoka nacho. Kama ulitumia ya chuma, pitisha na sumaku. Na mwambie mumeo atafune pole pole.